Mirathi ya Askari na Haki za Aliowaacha
Somo kwa wazee wa ukoo, walimu na wasomaji wote wa Kibondo na Kasulu

Wasomaji, hapana mtu apendaye kutaja habari za kifo wakati mwenye nyumba angali hai na ameketi barazani pamoja na wanawe. Husemwa kuwa ni kumchuria. Walakini sisi makarani, ambao kazi yetu ni karatasi, twayaona kila mwaka matunda ya ukimya huo. Mjane huja ameshika mfuko wenye vipande vya karatasi vilivyoliwa na mchwa, watoto wamesimama nyuma yake, naye hajui mumewe aliandikwa jeshini kwa jina gani, wala nambari yake, wala kikosi chake. Serikali ina wajibu wa kumpa, naye ana haki ya kupewa, lakini kati yao pana mto usio na daraja. Daraja lenyewe ni karatasi.

Kwa sababu hiyo nimeona yafaa kuandika somo hili. Kwanza tutatazama mambo yaliyopita, maana yanafundisha. Kisha tutatazama sheria na njia ya kufuata. Na mwisho tutasema juu ya mjane na ukoo, ambapo ndipo penye magomvi mengi.

1. Yaliyopita

Nchi yetu ya Uha imetoa watu kwa serikali nyingi. Kabla ya mwaka 1916 tulikuwa chini ya Wadachi, na reli yao ilifika Kigoma mwaka 1914. Katika Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Kigoma, na tarehe 19 Septemba mwaka huo yakatwaa Tabora. Tangu hapo Kasulu na Kibondo zilikaa mikononi mwa Wabelgiji mpaka Machi 1921, ndipo zikakabidhiwa kwa Waingereza. Basi yawezekana nyumba moja kuwa na babu aliyebeba mzigo wa Mdachi, ndugu yake aliyebeba mzigo wa Mbelgiji, na mwana aliyevaa kofia ya K.A.R. katika vita ya pili.

Walio wengi katika vita ile ya kwanza hawakushika bunduki, walikuwa wapagazi. Upande wa Waingereza jeshi la wapagazi liliitwa Carrier Corps, na jina hilo liligeuka vinywani mwa watu likawa Kariakoo, ambalo mpaka leo ni jina la mtaa wa Dar es Salaam. Makumi elfu ya wapagazi walikufa, na maradhi na njaa viliua wengi kuliko risasi. Vita ilipokwisha mwaka 1918, mishahara ya wengi waliokufa ilikuwa haijalipwa. Fedha ilionekana katika vitabu, lakini mwenyewe hakupatikana. Jina liliandikwa kama karani mgeni alivyolisikia, kijiji hakikuandikwa, jina la baba halikuandikwa. Fedha nyingi kati ya hizo hazikuwafikia jamaa zao kamwe. Kilichomnyima mjane wa mpagazi fedha yake kilikuwa mstari mmoja uliokosekana katika daftari.

Hata heshima ya majina yao ilipotea. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, ambao wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na pengine hawakukumbukwa kabisa.

Sasa tazameni habari nyingine. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya chini ya bahari ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache. Watu karibu 1,300 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hao hawana kaburi ila bahari. Walakini majina yao yalikuwa yamebaki nchi kavu katika orodha ya kikosi, na leo yamechongwa katika ukumbusho wa Afrika Mashariki ulioko Nairobi. Mpagazi wa mwaka 1917 alikufa nchi kavu, pengine karibu na kijiji cha watu, na jina lake likapotea. Askari wa mizinga alizama mbali, jina lake likabaki. Daftari ndilo lililoleta tofauti hiyo.

2. Ufagio wa Mwanza

Husimuliwa tena habari ya askari wa zamani wa Wadachi. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani ya Magharibi lilikubali kuwalipa askari waliokuwa hai bado mishahara waliyodai tangu vita ya kwanza. Meza ya malipo ikawekwa Mwanza, na wazee wapatao 350 wakakusanyika. Lakini wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya nguo za kiaskari, na wengine hawakuwa na kitu. Ndipo aliyeleta fedha akapata shauri: kila mzee alipofika mbele alipewa ufagio badala ya bunduki, na kuamriwa kwa Kijerumani afanye mazoezi ya silaha. Husemwa hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Wengi husikia habari hii wakacheka na kuwasifu wazee wale, nao wastahili sifa. Lakini mimi nawaomba mfikiri jambo moja. Mzee aliye hai aweza kushika ufagio. Mjane wake aweza kushika nini? Ujuzi ule ulikuwa katika mikono na miguu ya mumewe, nao ulizikwa pamoja naye. Aliyekosa cheti angeweza kuokolewa na mwili wake mwenyewe. Wafiwa hawaokolewi ila na cheti. Ndiyo maana somo hili lawahusu wafiwa kuliko askari.

Waliotumikia jeshi la Waingereza kabla ya uhuru wana njia yao. Zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika waliingia katika kazi za jeshi katika vita ya mwaka 1939 mpaka 1945, wakafika Uhabeshi, Madagaska na Burma. Chama cha askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola, kilichoanzishwa Cape Town mwaka 1921, kimekuwa kikiwasaidia wazee hao na wajane wao wenye dhiki. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza kutoa karibu pauni milioni 12 kwa msaada huo, ili kila mmoja apate angalau chakula mara mbili kwa siku. Basi bibi aliyeolewa na mzee wa K.A.R. asidhani kwamba habari yake ilikwisha siku ya maziko.

3. Sheria ya nchi yetu

Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964. Tangu siku hizo watu wa nchi yetu wamekufa katika kazi yake mara nyingi. Vita ya Kagera ilianza Oktoba 1978, na Kampala ikatwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Mashujaa wengi wa vita ile wamezikwa Kaboya, wilaya ya Muleba. Tarehe 13 Julai 2013 askari wetu 7 waliuawa Darfur. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yetu ya Semuliki, katika Kongo ya mashariki, ilishambuliwa, wakafa askari 15. Kila mwaka tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa. Ni vema, lakini mjane hali kumbukumbu.

Fedha zinazotokana na utumishi wa askari aliyekufa si za namna moja, na wengi huzichanganya. Ziko zile ambazo marehemu alikwisha kuzichuma, kama mshahara uliobaki, akiba yake benki, au kiinua mgongo ambacho hakikulipwa. Hizo ni mali yake, nazo huingia katika mirathi. Ziko tena zile ambazo sheria inawapa wafiwa kwa kuwa walikuwa wakimtegemea. Hizo zina masharti yake: askari alikufa akiwa kazini au amekwisha staafu, alikufa kwa maradhi au kwa kazi ya vita, alikuwa na cheo gani na miaka mingapi. Pensheni za wanajeshi hulipwa na Hazina. Na kama askari alikufa katika kazi ya Umoja wa Mataifa, Umoja huo una fidia yake, ambayo hupitia kwa serikali kabla ya kuwafikia jamaa. Kwa hiyo mfiwa akifika ofisini asiulize tu, "Fedha yangu iko wapi?" Na aulize, "Haki zetu ni za namna ngapi, na kila moja yataka karatasi gani?"

4. Njia ya kufuata

Kwanza, toeni habari ya kifo. Kama askari alikuwa kazini, kikosi chake kina habari. Kama amestaafu, jamaa ndio wa kupeleka habari. Msiendelee kutoa pensheni ya marehemu benki kwa kadi yake, hata kama mnajua nambari ya siri. Wengi hufanya hivyo kwa shida ya matanga, kisha fedha hiyo hudaiwa, na aliyeitoa huonekana mwizi.

Pili, pateni cheti cha kifo. Sheria yataka kifo kiandikishwe kabla ya siku 30 kwisha. Aliyefia hospitali hupewa karatasi ya hospitali. Aliyefia nyumbani, mtendaji wa kijiji ndiye wa kuanzia. Kisha karatasi hiyo hupelekwa kwa msajili wa wilaya, ambaye kazi yake iko chini ya wakala wa serikali uitwao RITA. Angalieni sana jina: litoke katika karatasi za jeshi, si katika vinywa vya majirani.

Tatu, ukoo ukutane na kuandika muhtasari wa kikao. Ndani yake yaandikwe majina ya mjane au wajane, majina ya watoto wote, na jina la mtu anayependekezwa kuwa msimamizi wa mirathi. Mjane awepo, naye atie sahihi yake au dole gumba. Kikao cha mirathi kinachofanywa wakati mjane yuko mtoni akichota maji si kikao.

Nne, mtu huyo aende Mahakama ya Mwanzo na kuomba kuteuliwa. Mahakama hutoa tangazo, ili mwenye pingamizi aseme. Akiteuliwa hupewa hati, nayo ni Fomu Na. 4. Kabla ya hati hiyo hana mamlaka yoyote juu ya mali ya marehemu, hata akiwa kaka mkubwa. Baada ya kuteuliwa yampasa arudi mahakamani katika miezi 4 na kueleza alikusanya nini na alimgawia nani. Hizo ni Fomu Na. 5 na Na. 6. Wengi wanaijua Fomu Na. 4 kwa kuwa ndiyo inayofungua fedha. Wachache wanazijua hizo mbili za mwisho, nazo ndizo zinazomlinda yatima.

5. Msimamizi si mrithi

Hapa nawaomba wazee wanisikilize kwa saburi. Msimamizi ni mtumishi. Hupewa funguo za ghala ili awagawie wenye chakula, wala hakupewa ghala. Akijenga nyumba yake kwa kiinua mgongo cha ndugu yake na watoto wa ndugu wakafukuzwa shule kwa kukosa viatu, ameiba, hata kama ana hati mfukoni. Mahakama yaweza kumwondoa na kumtaka hesabu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, yasema kwamba mjane ni huru kukaa apendapo, na kuolewa na mtu amtakaye au asiolewe, hata kama mila yasema vingine. Basi haifai kumwambia, "Ukikubali shemeji yako utaona fedha ya mumeo." Hayo ni mambo mawili, wala moja si bei ya jingine. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza mtu kumnyima mtoto matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake.

Walakini si vema kuwaficha ninyi ukweli. Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963 yasema kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Hutunzwa na wanawe. Wajane wawili wa Tanzania walilipeleka shauri lao mpaka kwa kamati ya Umoja wa Mataifa inayoangalia haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ile ikaona kwamba wamedhulumiwa. Lakini askari asingoje mashauri ya mbali yamlindie mkewe. Njia iko mkononi mwake: aandike wosia. Kwa sheria ile ile ya mila, wosia wa maandishi wa mtu ajuaye kusoma na kuandika wataka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma, wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Mashahidi wenyewe wawe wanaojua kusoma, wala wasiwe warithi. Kazi hii mwalimu wa shule aweza kuisaidia jioni moja.

6. Kosa la herufi moja

Nitasimulia habari niliyoiona kwa macho yangu, nami simo katika habari hiyo kama mtu mwema tu. Miaka iliyopita mama mmoja wa kijiji kilicho karibu na mpaka alikuja mezani pangu. Mumewe aliingia mgambo katika vita ya Kagera, akabaki jeshini, akastaafu, akafa. Alizaliwa pacha wa kwanza, na kwa hiyo nyumbani alikuwa Bukuru, kama walivyo pacha wote wa kwanza wa nchi yetu. Kanisani alibatizwa jina jingine. Jeshini aliandikwa kwa jina la ubatizo na la baba yake. Cheti cha kifo kilisema Bukuru. Tena jina la baba lilikuwa na R katika karatasi moja na L katika nyingine, maana masikio ya Kiha na kalamu ya Kiswahili hayapatani sikuzote.

Nilitazama karatasi zile, nikamwambia majina hayafanani, arudi nyumbani. Sikumwambia afanye nini. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Aliporudi baada ya majuma matatu alikuwa hana karatasi mpya, maana hakujua atafute nini, nami ndipo nikaona haya. Nikamweleza kwamba hati ya kiapo yaweza kuyaunganisha majina mawili ya mtu mmoja, na kwamba kitabu cha ubatizo cha misioni chaweza kushuhudia. Paroko akakifungua kitabu. Jina, baba, mama, kijiji, yote yalikuwamo, yameandikwa kwa wino uliogeuka rangi ya kahawa.

Lakini wakati tukihangaika na herufi, shemeji yake alikuwa amekwisha kuteuliwa msimamizi, akisema marehemu hakuacha mke. Mama alipeleka cheti cha ndoa na kadi za ubatizo za watoto, na baada ya kuitwa mara nyingi uteuzi ule ukafutwa. Alilipwa. Walakini ilikuwa imepita miaka miwili na zaidi, na mwanawe wa kwanza alikuwa amekwisha kuacha shule kwenda kuchoma mkaa. Hakurudi darasani. Sehemu ya majuma yale ni yangu, nami nitayajibu. Basi makarani wenzangu, tusimwambie mtu "haifai" pasipo kumwambia lifaalo.

7. Mambo ya kushika

Askari aliye hai, au aliyestaafu, na afanye mambo haya kabla ya mavuno yajayo:

Aandike katika daftari jina lake la jeshini, jina la nyumbani, nambari, kikosi, tarehe ya kuingia na ya kutoka.

Aandikishe ndoa yake. Ndoa ya mila pia huandikishwa kwa sheria ya mwaka 1971.

Awapatie watoto wote vyeti vya kuzaliwa, na jina la baba liandikwe kama lilivyo katika karatasi za jeshi.

Ahakikishe kwamba majina ya mke na watoto katika karatasi za jeshi ni ya sasa. Wako waliojiunga wakiwa vijana, wakaandika jina la mama, na mpaka leo mke hayumo.

Atoe nakala mbili za karatasi zote. Moja ikae katika sanduku la bati lililoinuliwa juu ya mawe, mbali na mchwa. Ya pili ikae kwa mtu mwaminifu wa nyumba nyingine.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wapagazi wa mwaka 1917 ni ushahidi wa neno hilo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini fedha za wapagazi waliokufa hazikuwafikia jamaa zao?
2. Mzee wa Mwanza alipata haki yake kwa ufagio. Kwa nini mjane hawezi?
3. Taja karatasi anazohitaji mfiwa kabla ya kwenda Mahakama ya Mwanzo.
4. Kuna tofauti gani kati ya msimamizi na mrithi?
5. Fomu Na. 5 na Na. 6 ni za kazi gani, na katika kijiji chako nani amewahi kuziona?

Swali la tano walimu walipeleke katika mkutano wa kijiji, wala wasiliache darasani. Na ninyi wasomaji ambao baba au mume wenu alivaa nguo za kiaskari, msingoje mkutano. Mwulizeni leo jioni, kwa adabu, sanduku lake liko wapi na funguo anayo nani.